Nani Atamchimbia Kunegunda

...na bado wako pale pale, kwenye kona ya mashine ya kusaga, wanaume kadhaa, siwezi kuwahesabu kwa sababu mmoja akisogea anamfunika mwenzake, majembe begani, sururu, machepeo, hakuna anayekuja na hakuna anayeondoka, wamesimama tu kama watu wanaongoja lori, na mashine yenyewe imezimwa, mwenye mashine ameizima kwa heshima ya msiba au ameizima ili asikie vizuri kitakachotokea, sijui, sijapata kuusikia mtaa wetu wa Lizaboni ukiwa kimya namna hii asubuhi ya Jumamosi, chai imepoa mkononi mwangu na sikumbuki ni nani aliyenipa, na mwenyekiti Polikarp yuko kando yangu kwenye benchi anaongea, anaongea tangu nilipokaa, "wewe ngoja tu, mheshimiwa wetu wa kesho, katibu wa mkoa akifika na gari la vipaza sauti mji mzima utajua kwamba chama hakijafa," na mimi naitikia ee, ee, macho yangu yako kwenye kona, kwa sababu chama sijui, lakini mama amekufa, mama yuko ndani, Kunegunda, amefungwa kidevu kwa kitambaa cheupe, miguu yake iliyovimba tangu mavuno sasa imetulia, dada yangu Leticia analia kwa sauti ya chini ile ya mtu aliyekwisha kulia sana, akina mama wa jumuiya wako kwenye fumbo la tatu la rozari au la nne, na katekista amesema atafika saa tisa kuzika, kuzika wapi, kaburi halijaguswa, kule nyuma ya migomba ambako baba amelala pana alama tu ya vijiti, vijiti nilivyochomeka mimi mwenyewe alfajiri, na wingu limekaa juu ya milima ya Matogoro, jeusi chini, linateremka polepole kama mtu anayekuja kudai deni.

Wanawake waliingia tangu kulipopambazuka. Walipita chini ya bendera ya chama chetu wameinamisha vichwa kama mtu anavyopita chini ya kamba ya nguo, hawakuitazama, mwanamke hahesabiwi kwa bendera aliyopita chini yake, au ndivyo wanaume wa hapa wanavyofikiri, lakini mwanamume anahesabiwa, mwanamume akipita pale ataambiwa jioni kwenye kilabu cha komoni, tulikuona, umehamia, na bendera yenyewe sikuiweka mimi, nilikuwa nimekwenda kwa seremala kuangalia mbao, niliporudi nikaikuta imesimama kwenye mlango wa ua, kwenye mwanzi mrefu, mpya kabisa, ile iliyobaki kwenye kampeni, na Polikarp amesimama chini yake amevaa koti lake la ofisini la enzi za ushirika, anajifuta macho, kweli alikuwa analia, siwezi kusema hakuwa analia, alimpenda mama, alikuwa anakuja kula kande zake, akaniambia, "Mama ni wa kwetu, tutamzika kwa heshima zote za chama," nami nikamshukuru, nilimshukuru, nikamshika mkono kwa mikono miwili, kwa sababu asubuhi ile mtu yeyote aliyesema neno heshima ningemshukuru.

"Unajua kwa nini tulishindwa?" anasema Polikarp, na hili ameshalisema Novemba yote na Desemba yote, "tulishindwa kwa chumvi na khanga, watu wetu wamenunuliwa kwa mfuko wa chumvi, mwaka elfu mbili tutakuja na kitu kizito zaidi ya chumvi," na mimi nilikuwa naamini hivyo, kwa muda niliamini hivyo, ni imani inayompumzisha aliyeshindwa, kwamba wenzake wana bei, lakini nikikumbuka uwanjani, nilipogombea udiwani... nilisimama juu ya meza ya mwalimu, nikawaeleza habari ya mbolea, kwamba serikali imeondoa ruzuku na kwamba mfuko mmoja sasa unakula magunia mangapi ya mahindi, nikawaeleza ushirika ulivyokufa na walanguzi wanavyokuja na malori yao kutoka Makambako na kutaja bei wakiwa bado wamekaa kwenye usukani, hawashuki hata kukusalimia, na watu walipiga makofi, Mungu wangu, walipiga makofi, mzee mmoja alilia, wakaimba, wakanibeba, nilifika nyumbani shati limechanika kwa kubebwa, mama akalitazama lile shati akasema, "Waliokubeba wamekuchania nguo," akachukua sindano. Na siku iliyofuata uwanja uleule alisimama Pankrasi. Pankrasi, yule pale, ndiye yule mrefu mwenye kofia ya sufu, wa pili kutoka ukutani, diwani wetu, mheshimiwa kwelikweli, jembe begani kama kijana wa kazi. Alisimama akashika kichwa, akasema, "Mnanijua. Mimi sina maneno," watu wakacheka, akasema, "Mwenzangu jana amesema vizuri, na mimi nimesikia, mbolea kweli imepanda," wakacheka zaidi, akakaa. Huo ndio ulikuwa mkutano. Sisi tulirudi ofisini tukimcheka, Polikarp aliiga ile namna ya kushika kichwa mpaka tukashika mbavu, tukasema kama mpinzani wetu ni huyu basi tukashone suti.

Zena anapita na ndoo ya maji kichwani, Zena wa Tunduru, anauza dagaa sokoni na ndiye mwenyekiti wa wanawake wa chama chetu hapa, amejifunga kanga mbili kiunoni, tangu alfajiri anateka maji kama aliyefiwa ni yeye, anasimama mbele yetu, "Kaka Osmund, chai hiyo umeifanya mtoto wa kubembeleza? Kunywa," kisha anageuka kuitazama kona, anaitazama bendera, anamtazama Polikarp, "Mwenyekiti," anasema, "hiyo bendera yako inachimba?" na Polikarp anasema, "Dada Zena, usilete utani kwenye msiba," na Zena, "Haya, mimi nauliza tu, maana naiona imesimama toka asubuhi na haijashika hata chepeo, kwetu maiti hangoji siasa, kwetu saa hizi tungekuwa tumeshamsitiri na tumenawa mikono," na anaingia ndani, maji yanamdondoka begani, na Polikarp ananiinamia sikioni, pumzi yake ina tangawizi, "Wanatutega hao, wanataka tuishushe, tukiishusha leo mbele ya macho yao hatutaipandisha tena Lizaboni, nakwambia, tutakuwa tumejizika na sisi," na ninamwelewa, hilo ndilo baya, ninamwelewa. Alikaa ofisi ya ushirika maisha yake yote, akavaa koti lile kila siku ya kazi, kisha ikaja ile barua ya kupunguzwa kazi, hao waliopunguzwa walikuwa wengi hata hawakuagana, na sasa mtu akimwita mwenyekiti anasimama wima hata kama alikuwa anaumwa mgongo, ile bendera ndiyo dawati lake, ndiyo mhuri, nani wa kumwambia mtu ashushe dawati lake.

Lakini hata mtaa wa Mjimwema tuliipeleka bendera. Sitaki kuikumbuka Mjimwema. Mzee Fulgence, mwanachama wetu wa mwanzo kabisa, alikufa wiki chache baada ya uchaguzi, tukaenda na bendera, tukaisimika vilevile mlangoni, kwa nia njema, na majirani wakaja mpaka barabarani, wakasimama, hivihivi, wakasimama hivihivi, sikuelewa, nilidhani wanangoja sala ianze, kumbe walikuwa wanaitazama, na baadaye mmojammoja walianza kuondoka bila neno, hakuna aliyetukana, ningependa wangetukana, tukabaki mimi na Polikarp na wana wawili wa Fulgence ambao wameshazoea kazi za ofisi, tukachimba mpaka mikono ikavuja damu, tukafika kwenye mwamba ule wa changarawe, tukaambiana inatosha, haikutosha, kila mmoja wetu alijua haitoshi, na mvua ya kwanza ilipokuja ilishusha udongo wote bondeni na mbwa... mjane wake, mama Ida, alibeba matofali kichwani, moja moja, akafunika, peke yake, nilimkuta amekaa juu ya yale matofali kama mtu anayezuia kifuniko cha sufuria, nikamwambia shikamoo mama, hakuitikia. Nikarudi nyumbani nikamsimulia mama. Sijui kwa nini nilimsimulia mgonjwa jambo kama lile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukutani.

Na Jumatano, siku tatu tu, hapana, usihesabu, Jumatano aliniita nikae kitandani, nikakaa miguuni, akasema sogea, nikasogea, akasema, "Siku ile ya kura," nikasema mama pumzika, "Siku ile ya kura niliiona picha yako kwenye karatasi, mwanangu, ulipendeza. Nikampa Pankrasi." Nilicheka. Nilidhani ni homa. Akasema, "Usicheke, wala usinune, nilimpa Pankrasi," na nikahisi masikio yanapata moto kama mtoto aliyechapwa mbele ya wenzake, mama yangu mzazi, nilimbeba kwa baiskeli mpaka kituoni, nikamshusha, nikamshika mkono mpaka mlangoni, akaingia mle ndani akakaa muda mrefu hadi karani akachungulia, akatoka ananitazama kwa upole, na mimi nikajiambia, hata dunia nzima ikininyima ninayo moja, ninayo ile moja, wakati wa kuhesabu nilikuwa nimesimama dirishani na kila jina langu liliposomwa nilijiambia, hiyo ni ya mama, hiyo ni ya mama. "Kwa nini?" nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, nilimuuliza mtu anayekufa kwa sauti ya mkutanoni, "Kwa nini, mawu, mama yangu?" na yeye akasema, "Kaburi langu utalichimba na nani? Na gazeti lako?"

Nilikasirika. Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika. Nilidhani anasema ameniuza kwa shimo, kama vile wengine kwa chumvi, na nikasema moyoni, basi hata mama ana bei... na sasa nimekaa hapa nawatazama wale watu na kile nilichokiita bei kinageuka, kinageuka polepole kama mtu aliyelala anapogeuka, kwa sababu chumvi inakwisha, khanga inachakaa, nani mjinga wa kutoa miaka mitano kwa khanga, wanazipokea kwa sababu wamepewa, ungekataa ungekuwa na kiburi, lakini ndani ya kile kibanda, ukiwa peke yako na kalamu iliyofungwa kamba, humfikirii aliyekupa khanga, unawaza atakayekuja. Nyumba ikiungua nani atakuja. Mtoto akishikwa na degedege nani atatoa baiskeli. Pankrasi alikuja kwa baba, nakumbuka, alikuwa ndani ya shimo mpaka mabegani, akitupa udongo juu bila kumtazama mtu, anahema, alikuja kwa mwenye mashine alipofiwa, alikuja kwa yule mwanamke mgeni aliyefia stendi ambaye hakuna aliyemjua hata jina, alimchimbia, akanawa, akaondoka bila kungoja chakula, na wakati ule chama hakikuwa na habari naye, alikuwa mtu tu, chama kikubwa kilikuja baadaye kikamwokota kama mtu anavyookota jembe alilolikuta limenolewa tayari. Sisi tulitafuta anayejua kusema. Tuliandika sifa, awe amesoma, awe anajieleza, tukanipata mimi. Hatukukosea kuhusu mbolea. Kila nililosema kuhusu mbolea lilikuwa kweli na bado ni kweli, ndiyo maana walipiga makofi, makofi yalikuwa ya ile kweli, sikudanganywa, ila kweli wanaisikiliza mchana na kura wanampa yule watakayemhitaji siku ambayo hawataweza kusema.

Au pengine haikuwa hivyo hata kidogo, pengine mama aliogopa. Mama yake, bibi yangu, alikuwa msichana mdogo wakati wa Wajerumani, aliwaona wale walionyongwa, alisema waliofuatwa kwanza ni wale waliokuwa mbele, wenye sauti, na mama alikua na hadithi hiyo kama wengine wanavyokua na hadithi za sungura, kisha tukawaona wakimbizi wa Msumbiji wakipita na magodoro, kisha redio ikaanza kutangaza mito ya Rwanda iliyojaa maiti kila jioni, na watu wakaambizana kwamba vyama vingi ndivyo vilivyoleta hayo, mtu hakuhitaji kushawishiwa, hofu ilikuwa imeshajengewa nyumba hapa tangu zamani, ilikuwa inangoja mpangaji. Labda alinitazama pale kwenye karatasi, nimependeza, nikiwa mbele, na akanirudisha nyuma. Labda ile kura ilikuwa mkono wa mama unaomvuta mtoto kutoka barabarani. Sitajua. Nilipasua kuni badala ya kumuuliza tena na Alhamisi hakuweza kusema.

Jiwe lilipigwa juu ya bati jana, moja tu, likabingirika mpaka mtaro wa maji, likaanguka. Polikarp anasema ni wao. Inawezekana. Inawezekana pia aliyerusha yuko pale kwenye kona na jembe, na akija atachimba vizuri kuliko wote, watu ni hivyo, mkono uleule. Na inawezekana wameshakubaliana, kama neno lile Zena alilolisikia kisimani, kaburi la mpinzani wachimbe wapinzani, na wamesimama pale si kwa kusita bali kwa kuangalia, kama ulivyoangalia uwanja mzima ule nilipobebwa.

"Kujenga upya," anasema Polikarp, "kunataka matawi, tufungue matawi mapya, kila mtaa na bendera yake, mpaka Mbesa huko, kadi zipo, mheshimiwa, kadi zimejaa kabati," na namwona anaona kabisa, anaona bendera kutoka hapa mpaka Tunduru, na mimi najaribu kuziona, naona milango ya misiba, bendera kila mlango, na watu wamesimama barabarani. Kumbe tunaita watu waje kwetu. Toka tuanze tunaita watu waje, njoo mkutanoni, njoo uchukue kadi, njoo upite chini ya hii, na hatujawahi kwenda kwa mtu tukiwa mikono mitupu, yaani mikono yenye jembe tu, tukakaa, tukala kilichopo, tukaondoka bila kuacha picha ukutani. Chama kama kitaota tena hapa kitaota kwa kuchimba, miaka, pengine mpaka mimi na Polikarp tumeshachimbiwa, na hakuna atakayetupigia makofi, na huenda hakitaota, huenda watakubali jembe letu na bado kura wampe mwingine, na itabidi kwenda tena, msiba unaofuata, na unaofuata, mpaka tusahau tulikuwa tunakwenda kwa ajili ya nini, na huenda siku hiyo ya kusahau ndiyo...

Upepo umegeuka. Bendera imepiga kofi moja kwenye mwanzi na wote kwenye kona wameinua vichwa, wote kwa pamoja, na mmoja amesema kitu na mwingine ametema mate pembeni. Harufu ya mvua imeshafika, mvua yenyewe bado. Nisimame. Niende pale mlangoni niung'oe ule mwanzi, si kwa kuwaita, wasidhani nawaita, wala si kwa kuogopa, ingawa naogopa, niung'oe kwa sababu mama hakuwa wa kwetu, Polikarp, mama alimpa mwingine, unamzika chini ya kitu alichokikataa, aliniambia kwa mdomo wake, na hilo siwezi kukwambia kwa sababu ukilisikia utakuwa umefiwa mara mbili asubuhi moja, na nisipokwambia utaushika mwanzi na mikono yote miwili, nakujua, tutavutana mimi na wewe mbele ya kona nzima, wazee wawili wanavutana mwanzi na maiti iko ndani. Na nikiung'oa wakaondoka vilevile? Nikiung'oa, wakacheka, wakaondoka?

"Mheshimiwa," anasema Polikarp, "unasemaje, tuwaambie akina mama wapumzike kuimba katibu akifika?" na mimi bado niko kwenye benchi, kikombe bado kiko mkononi, bado namtazama Pankrasi, na kitu kinapita kichwani mwangu waziwazi, bila hasira, kama kauli ya mtu mwingine aliyekaa karibu nami, kwamba angetokea karani sasa hivi akanipa karatasi na kalamu na kuniambia chagua, hapa, leo, mama akiwa ndani na ardhi nyuma ya migomba haijaguswa, nisingejipa. Ningempa yule pale. Nisingesita hata kidogo. Na ninaanza kuogopa kabla sijamaliza kuliwaza hilo, kwa sababu Pankrasi amelishusha jembe begani, analisimamisha chini, anaegemea mpini kwa mikono yote miwili na kunitazama moja kwa moja, na kutoka hapa nilipo siwezi kujua kama mtu anayeshusha jembe namna hiyo anajiandaa kuja, au amechoka kungoja.